Sikusema Pombe

Mgodi wa Nyabuhele
Idara ya Rasilimali Watu
Geita
12 Februari 2024

Mzee Telesphori Makoye, shikamoo.

Ni Scolastika Chacha. Labda umenisahau. Mwaka 2014 nilikuwa afisa utumishi hapa mgodini, yule Mkurya mwembamba uliyekuwa unamwita Mama Karatasi. Wembamba umeisha, karatasi zimeongezeka. Tangu mwaka juzi mimi ndiye Mkurugenzi wa Rasilimali Watu.

Nakuandikia kwa furaha. Tarehe 8 Machi tunaadhimisha miaka kumi tangu wanawake saba wa kwanza waanze kazi krasha, kwenye mashine ya kusaga mawe. Walianzia zamu yako. Wasimamizi wengine walikataa, wakasema mwanamke akikaribia mawe dhahabu inakimbia. Wewe ulisema walete, tuone. Na choo cha kwanza cha wanawake katika eneo lote la mashine kilisimama pale kwako. Nikiitwa mikutanoni, Dodoma, Dar, hata nje, nikiulizwa tulianzaje kuufanya mgodi uwe wa watu wote, huwa naanza na kile choo cha bluu.

Kamati imekuchagua upewe tuzo ya Msimamizi wa Mfano. Gari litakufuata hadi Ushirombo. Nimeweka humu picha tuliyopiga siku kilipowekewa kufuli. Umesimama mlangoni, ufunguo mkononi, unacheka.

Tunakusubiri.

Scolastika Chacha


Ushirombo
19 Februari 2024

Mama Mkurugenzi,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa kondakta wa basi, haijafunguliwa. Nimefurahi umepanda cheo. Mimi toka nimalize mkataba 2019 niko nyumbani nalima mpunga kidogo na mahindi. Pia wamenifanya mwenyekiti wa jumuiya kanisani.

Kuhusu sherehe, nashukuru, ila goti langu la kulia linanisumbua. Kukaa kwenye gari mpaka Geita siwezi. Hiyo tuzo mpeni mwingine, wapo wengi wanaofaa.

Sasa nina ombi moja na naomba unisikilize kama mama. Mkamwana wangu Vaileth, mke wa mwanangu wa kwanza Paschal, alikuwa mmoja wa wale saba. Sasa hivi wako kwao Ushetu wanalima tumbaku. Ameomba kazi hapo kwenu mara tatu, zote jina linarudi. Nimesikia mnatafuta tena watu wa krasha. Ile mashine anaijua, alikuwa akisikiliza sauti yake tu anakwambia jiwe gani limekwama wapi. Tumbaku inamuua mapafu. Muangalie kwa jicho la huruma, mpitishe.

Picha nimeiona. Sijaiweka ukutani.

Ni mimi,
Telesphori Makoye


Geita
26 Februari 2024

Mzee Telesphori, shikamoo.

Pole na goti.

Ombi lako limenipa shida, bora nikuambie wazi. Watu kupitishwa kwa sababu ni shemeji wa fulani au mkamwana wa fulani, hicho ndicho nilichopigana nacho miaka minne nikatukanwa mpaka na wakubwa. Siwezi kukirudisha mimi mwenyewe kwa mlango wa nyuma.

Hata hivyo nimelitoa faili la Vaileth nikalisoma. Nakunakilia kama lilivyo: "17 Septemba 2014. Alianguka kwenye ngazi ya krasha saa nane mchana, mkono wa kulia umevunjika. Chanzo: alikuwa amelewa. Asiajiriwe tena." Na chini yake: "Imethibitishwa na msimamizi wa zamu, T. Makoye." Hiyo ni saini yako, Mzee. Hilo neno wanaliona na migodi mingine wakituuliza habari zake. Ndiyo maana jina linarudi.

Kwa hiyo unaniomba nifute neno uliloliweka wewe.

Njia ni moja tu. Shahidi mwenyewe aandike kuwa mambo hayakuwa hivyo, na aeleze yalikuwaje. Usajili wa watu wa krasha unafungwa 30 Aprili. Kama kuna kitu, andika kwa mkono wako. Usinipigie simu, maneno ya simu hayawekwi kwenye faili.

Kama hakuna kitu, tuliache hapo, na tuzo yako ipo palepale.

Scolastika


Ushirombo
3 Machi 2024

Mama Mkurugenzi,

Kitu kipo.

Goti langu ni zima. Nimelisingizia.

Hii ni Kwaresima. Juzi nilikwenda kuungama, nikamwambia padri yote. Nikadhani atanipa rozari nikasali yaishe. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Telesphori, kwa Mungu umesikika. Lakini faili la huyo binti haliko mbinguni, liko Geita." Basi nimenunua daftari, nimekaa chini naandika. Mimi ni wa darasa la saba, utanivumilia.

Kile choo cha bluu kilivyoletwa, wiki ya kwanza wanaume walikuwa wanaingia humo wanakichafua kwa makusudi. Wanawake wakaja kwako kulalamika. Ukaja na kufuli. Ukaniambia, sijui kama unakumbuka, "Mzee, ufunguo kaa nao wewe, wewe ni mtu mzima, wanakuheshimu." Nikaufunga kwenye mkanda wangu.

Mwanzo nilikuwa nautoa vizuri tu. Halafu nikaanza kuupenda. Sijui nikueleze vipi. Mimi nimefanya kazi za migodi tangu nina miaka kumi na tisa, nimesukumwa na kila mtu, Mwadui nimefanya kibarua cha kubeba viatu vya wakubwa. Sasa nina kitu kwenye mkanda na mtu hawezi kwenda haja mpaka aje mbele yangu. Nikasema kila anayetaka aje aombe kwa mdomo, palepale tulipo wote. Wanaume wakapata pa kuchekea. "Klara anaenda tena? Huyo kameza bomba huyo." "Mwandikie Mzee, leo mara ya tatu." Klara alikuwa na mdomo, anawajibu. Anawaambia, "Mama zenu waliwazaa bila kukojoa?" Yeye aliuchukua ufunguo hivyohivyo. Wengine wakawa wanavumilia.

Ila Vaileth alikuwa mkamwana wangu. Paschal alikuwa amemuoa mwezi wa kwanza mwaka huohuo. Wewe ni Mkurya, kwenu hili mnalo, sina haja ya kulieleza sana. Mkamwana hapiti mbele ya baba mkwe wake. Hali chakula mbele yake. Jina lake halitaji. Sasa aje asimame mbele yangu kwenye kundi la wanaume aseme anataka kwenda chooni? Bora afe. Na mimi nilijua. Nalirudia hilo, nilijua.

Akawa hanywi maji. Zamu masaa kumi na mbili, Septemba, jua la Geita, vumbi la krasha, na yeye chupa yake inarudi nyumbani imejaa. Nilikuwa naiona imejaa.

Siku moja Klara akanifuata akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, nipe ufunguo nimpe mkamwana wako, amebanwa toka asubuhi." Wanaume wakawa wananiangalia. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Kama amebanwa aje aniambie mwenyewe."

Walicheka, Mama. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Vaileth alikuwa juu kwenye kibanda cha mitambo, dirisha liko wazi. Hakugeuka.

Hiyo ilikuwa tarehe 15. Tarehe 17 saa nane mchana nikamuona anashuka ngazi, anashuka polepole, halafu mkono ukaachia tu. Kama mtu aliyesahau kwamba ameshika kitu.

Nikashika redio ya mkononi nikasema, "Njooni krasha, mtu kalewa huku, kaanguka."

Kwetu ndo tunavyosema. Mtu kalewa jua. Kichwa kinazunguka, macho yanaona giza, kalewa. Hata mtoto aliyezungushwa kwenye mchezo tunasema kalewa. Sikuwa na maana nyingine, naapa. Lakini Charles wa usalama akaandika alivyosikia yeye. Kesho yake akanifuata na fomu. Akaniuliza, "Mzee, ulisema kalewa. Kalewa nini?"

Hapo ndipo penyewe. Nikisema jua, ataniuliza kwa nini hakunywa maji. Nikisema hakunywa maji, ataniuliza kwa nini. Atafika kwenye mkanda wangu.

Nikamwambia, "Andika ulivyosikia."

Akaandika. Nikasaini.

Vaileth kwao hawagusi pombe kabisa, hata togwa iliyolala hawanywi. Kanisani kwao wakamnyima kushika kitabu cha nyimbo mwaka mzima. Mke wangu akawa anamwita mlevi. Mimi nipo palepale nakula ugali.

Miaka kumi nimejitetea na kitu kimoja. Nilikuwa najiambia, Telesphori, wewe hukusema pombe. Na ni kweli, sikusema pombe. Ndiyo uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema, na sikuutamka.

Weka barua hii kwenye faili. Tuzo sitaki kuisikia tena. Nataka jina lake litoke kabla ya hiyo tarehe 30.

Telesphori Makoye


Ushirombo
24 Machi 2024, Jumapili ya Matawi

Mama Mkurugenzi,

Leo ni wiki ya tatu hujanijibu.

Tarehe 8 nilikusikia redioni. Nilikuwa nacho kiredio shambani. Ulisema vizuri sana, watu wakapiga makofi. Ukasema toka 2014 wanawake wa krasha wana choo chao. Barua yangu ulikuwa umeshaipata, kondakta aliniambia aliiacha kwa mlinzi tarehe 5 na mlinzi akasaini. Nikazima redio.

Sijui umeamua nini. Pengine umeiweka mtotoni mwa meza ukafunga. Sikulaumu, mimi mwenyewe nilifunga miaka kumi. Ila nataka ujue sirudi nyuma, kwa sababu leo nimelisema hapa nyumbani.

Baada ya misa nilimwita Paschal, alikuja juzi kuchukua mbegu. Na mama yake, Sesilia. Nikawakalisha. Nikauliza, "Humu ndani mlevi ni nani?"

Sesilia akacheka. "Si unamjua. Yuko Ushetu na tumbaku yake."

Nikasema, "Yule hajawahi kulewa." Nikawaeleza. Sikuruka kitu, hata kile kicheko cha wanaume.

Paschal akaweka chini mfuko wa mbegu. Halafu akasema, "Baba, unajua siku ile hospitali nilimnusa? Mke wangu mkono umevunjika, mfupa unaonekana, mimi namwinamia namnusa mdomo. Na yeye aliona kwamba namnusa."

"Ulinusa nini?"

"Vumbi."

"Sasa kwa nini ukaamini?"

Akaniangalia. "Kwa sababu ulisaini wewe."

Sesilia akainuka akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Baadaye akaniuliza kwa kisogo, "Na huyo mtoto wa watu utamwambiaje? Utamtamkia mkamwana wako habari za haja?" Nikamwambia nitamwandikia. Karatasi haina ukwe.

Paschal ameondoka bila kuniaga. Mbegu kaziacha.

Kwa hiyo Mama, sina tena cha kulinda. Usiponijibu mpaka Pasaka iishe, nakuja mwenyewe na nakala ya barua ile, nakaa pale getini mpaka mtu aisome. Goti ni zima, nilikuambia.

Telesphori


Geita
2 Aprili 2024

Baba Paschal, shikamoo.

Sikuiweka mtotoni mwa meza. Nilienda nayo nyumbani kila siku na kurudi nayo kazini kila siku, kwenye mkoba, kama mtu anayebeba dawa asiyotaka kuimeza.

Ile hotuba ya tarehe 8 niliisoma huku naijua barua yako. Wageni walikuwa wamekaa, hotuba imepitishwa, nikajiambia nitalishughulikia baada ya sherehe. Umenishika.

Sasa na mimi nina langu. Ile fomu ya ajali ina kisanduku kimeandikwa "Kipimo cha pombe." Kwenye faili la Vaileth kisanduku hicho ni kitupu. Alikimbizwa hospitali, hakuna aliyempima. Fomu bila kipimo hairuhusiwi kupita. Inatakiwa irudishwe kwa msimamizi na kwa usalama, waeleze. Chini kabisa kuna nafasi ya afisa utumishi kusaini kwamba amehakiki. Saini ni yangu.

Nilikiona kisanduku, Baba. Nakumbuka nilikiona. Ilikuwa wiki ambayo makao makuu wanakuja kuangalia mradi wetu wa wanawake saba. Mwanamke kuanguka kwa ulevi ilikuwa aibu ya mtu mmoja. Mwanamke kuanguka kwa sababu tumeweka choo halafu tukakifunga ilikuwa aibu yangu. Nikasaini. Mwezi wa kumi na moja nikapandishwa cheo, na kwenye barua ya kupandishwa wametaja choo.

Na ufunguo, ndiyo, nakumbuka nilivyokuambia ukae nao. Mimi nimezaliwa Tarime. Mama yangu aliishi boma moja na baba mkwe wake miaka ishirini na hajawahi kupita mbele yake. Nilijua Vaileth ni mkamwana wako, maana kwenye fomu ya ajira kuna mahali pa kuandika ndugu uliye naye kazini, nikalisoma jina lako. Sikuunganisha. Nilikuwa nahesabu vyoo, sikuwa nauliza nani anaingia.

Leo asubuhi nimempa Meneja Mkuu, Valerian, barua yako na yangu, zote mbili pamoja. Akaniuliza, "Unajua unajifanyia nini?" Nikamwambia najua.

Kamati inakaa Jumanne tarehe 16, saa nne asubuhi. Wanataka shahidi awepo, wamuulize. Gari litakufuata, siyo la tuzo. Usipokuja, barua peke yake wanaweza kusema ni ya mzee anayemtafutia mkamwana wake kazi. Watu wa namna hiyo wapo kwenye kamati.

Njoo.

Scolastika


Ushirombo
18 Aprili 2024

Vaileth mwanangu,

Barua hii nimempa Mama Paschal akuletee mwenyewe mkononi. Amesema ana lake la kukuambia pia. Msikilize au usimsikilize, ni haki yako. Amekuletea na zile mbegu.

Humu nitataja mambo ambayo baba mkwe hayataji. Unisamehe kwa hilo, maana nisipoyataja nitakuwa nafunga tena. Paschal ameshakuambia, najua. Lakini lazima ulisikie kwangu. Ulianguka kwa sababu yangu. Ulikuwa hunywi maji kwa sababu ufunguo ulikuwa kwangu, na nilijua huwezi kuuomba, nikafanya mchezo. Maneno niliyomjibu Klara ulisikia, dirisha lilikuwa wazi. Kisha nikaacha waandike kwamba umelewa. Sikusema pombe na sikusema jua. Nilinyamaza, ukanyamazishwa wewe.

Juzi nilikuwa Geita. Nakueleza ilivyokuwa, maana ni jina lako lilikuwa pale mezani na wewe hukuwepo.

Walikuwa watu saba. Valerian, meneja mkuu, amekaa katikati. Charles wa usalama yupo, nywele zimekuwa nyeupe. Mama Chacha amekaa pembeni, siyo upande wa wakubwa, kakaa upande wangu. Wakanisomea barua yangu yote kwa sauti. Kusikia maneno yako yanasomwa na mtu mwingine ni kitu kibaya.

Mmoja wao, kijana wa sheria, akaniuliza, "Mzee, huyu ni mkamwana wako. Tutajuaje hukuandika haya ili apate kazi?"

Nikamwambia, "Mtu anayemtafutia mtoto wake kazi anajisifu. Mimi humo nimejisifu wapi?"

Halafu Charles akasema, "Mimi ni wa Songea. Kwetu kulewa ni pombe, hakuna kulewa kwingine. Nilikuuliza siku ile, Mzee. Nilikufuata mpaka kwenye benchi nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Basi nakuuliza tena," akasema. Akachukua kalamu, kama siku ile. "Kalewa nini?"

Vaileth, neno lenyewe lina herufi tatu. Nikasema, "Jua."

Akaandika.

Halafu Mama Chacha akasimama, akainua ile fomu akawaonyesha kisanduku ambacho hakikujazwa, akasema, "Na hii ni saini yangu." Valerian akamwambia, Scolastika, mambo haya yakitoka nje tutaonekanaje, mgodi huu unasifiwa kote. Akamjibu, "Tutaonekana tulivyo, ndo tuanze kujirekebisha kutoka hapo." Akawataka na kingine. Kwamba lile neno lisifutwe kimyakimya. Iandikwe barua, isomwe krasha, zamu zote, na nakala iende kila mgodi uliowahi kuuliza habari zako, na nyingine kanisani kwenu ukitaka wewe. Walibishana mpaka saa nane. Wakakubali.

Mimi jina langu limeandikwa mahali lako lilipokuwa. Nikitaka kazi mgodi wowote sitapata. Ni sawa, nina mpunga. Uenyekiti wa jumuiya nimeurudisha.

Kazi huwa hawampi mtu kwa huruma. Utafanyiwa majaribio kama wengine, tarehe 26. Mashine ni ileile. Nenda ukaisikilize.

Ndani ya bahasha kuna ufunguo. Sikuurudisha nilipomaliza mkataba, niliondoka nao. Sijui kwa nini nilikuwa nautunza, na sijui kwa nini nakupa. Naona tu haufai kukaa kwangu.

Sikuombi uniambie umenisamehe.

Ni mimi baba yako mkwe,
Telesphori Makoye


Nyabuhele
9 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Barua yako niliisoma mara moja nikaifungia kwenye sanduku. Nilitaka nikujibu siku hiyohiyo, ila maneno yaliyokuja yalikuwa mabaya, nikasema nisubiri yapungue. Yamepungua. Hayajaisha.

Mama Paschal alikuja. Alilala kwangu siku tatu, akafunga tumbaku na mimi bandani mpaka vidole vikawa vyeusi. Siku ya tatu akasema, "Mwanangu, ulevi ulikuwa wa mdomo wangu." Nikampa maji ya kunawa. Hilo limekwisha.

Paschal bado hajakusamehe, anasema mpaka ajisamehe yeye kwanza. Mpe muda.

Majaribio nilifanya. Tulikuwa kumi na nane, wamechukua watano, mimi ni wa pili. Mkono wa kulia haunyooki vizuri, daktari wa mgodi akaguna. Mama Chacha alitoka nje kabisa, alisema yeye katika hili hana haki ya kuamua. Wakanipandisha kibandani wakaniwashia krasha. Nikasikiliza. Nikawaambia zimeni, kuna chuma kimeingia na mawe, upande wa kushoto chini. Wakakuta jino la kijiko cha katapila. Wakaacha kuangalia mkono.

Barua ya kunisafisha ilisomwa zamu zote. Charles ndiye alisoma. Klara bado yupo, sasa ni msimamizi. Aliposikia "kalewa jua" alilia halafu akawageukia wale wazee waliobaki wa enzi zile akawauliza, "Mbona leo hamcheki?" Mmoja wao akavua kofia.

Mama Chacha amepewa onyo la maandishi na ile zawadi yake ya mwaka wameisimamisha. Bado ni mkurugenzi. Faili lake na langu yako kabati moja. Kila Jumatatu anashuka krasha na viatu vya kazi, anaingia chooni, anafunga, anafungua, anatoka. Wanaume wanamtania, wanasema mkurugenzi ana tumbo la Jumatatu. Hajali. Anatuuliza mmoja mmoja, "Umeingia? Ulimwomba nani?" Kama jibu ni mtu yeyote, anaandika. Sasa vyoo viko vinne, na milango yote kitasa kiko kwa ndani tu. Kwa nje hakuna hata pa kuingiza ufunguo.

Kwa hiyo ule ulionipa nimeurudisha, umo humu. Sina mlango wa kuufungua. Kaa nao wewe, Baba, ila usiufunge kwenye mkanda. Uweke mahali utakapouona.

Kuhusu lile ambalo hukuniomba, la kukusamehe, sina jibu bado. Likija nitakuandikia, maana ulivyomwambia Mama Paschal, karatasi haina ukwe. Mpunga ukivunwa tutakuja, mimi na Paschal, tusaidie kupepeta. Nitakaa upande wangu wa uzio kama inavyotakiwa, na wewe wako.

Naandika hapa nikiwa mapumziko ya mchana. Jua ni kali sana leo, vumbi limejaa mpaka kwenye karatasi, utaliona. Ni saa saba, na chupa hii ninayokunywa ni ya tatu.

Mkamwana wako,
Vaileth